Hakupima Spika kwa Wimbo

Kugombana na Fundi ilikuwa rahisi. Unaingia kibandani kwake pale Gongoni, Tabora, unasimama mbele ya spika yako aliyokwisha kuitengeneza, unasema, "Haya, iwekee wimbo tuisikie." Thubutu! Angechomoa waya palepale. "Wimbo kausikilize kwako," angekwambia. "Hapa tunapima kwa kitu cha kweli."

Kitu cha kweli kwake kilikuwa mvua. Au vyura wa kwenye majaruba ya mpunga, au nyuki wanaorudi mzingani jioni, au upepo unaopita kwenye miyombo. Yote hayo aliyarekodi mwenyewe porini, kwa kinasa sauti kidogo alichokifunga raba za baiskeli ili vidole vyake visisikike. Redio ya mtumishi wa serikali, sabufa ya baa, vipaza sauti vya msikitini na vya kanisani, vyote vilipita kwenye mtihani huo huo kabla ya kurudi kwa mwenyewe.

Mimi nilikuwa na cherehani yangu kwenye kibaraza cha kibanda hicho hicho, ubao mmoja tu katikati yetu, miaka kumi na tisa. Kwa hiyo nisikilize mimi. Achana na hao waliomletea redio mara moja, wakagombana naye, wakaenda kutangaza mjini kwamba mzee amerukwa na akili. Akili zake zilikuwa timamu kuliko zao. Mdomo tu ndio ulikuwa mbaya.

"Wimbo unaujua," aliwahi kunifafanulia, anatafuna michembe, vile viazi vilivyokaushwa ambavyo mfuko wake wa shati haukuvikosa hata siku moja. "Spika ikikosa kitu, kichwa chako kinajaza chenyewe. Unafurahi, unaondoka na spika mbovu. Lakini mvua ya Jumanne hukuikariri, binti. Ikipungua, imepungua."

Binti! Nina wajukuu wawili, na mpaka leo sijawahi kuwa mama fulani kwake. Nilipomwambia kwamba mteja akiridhika si basi, yaishe, aliniangalia kama nimetukana ukoo wake.

Mtihani wenyewe ulikuwa hivi. Anakukalisha kwenye kigoda, anawasha, halafu anauliza, "Unasikia nini?" Usipojibu sawasawa huondoki na kitu chako. Muuguzi mmoja, mama mpole kabisa, alikaa pale akainamisha kichwa, akasema, "Nasikia watu wanapiga makofi." Ilikuwa mvua juu ya bati. Fundi akazima. "Bado inaumwa. Njoo kesho kutwa." Yule mama akasema mbona kwake inatosha, yeye anasikiliza taarifa ya habari tu. "Ndiyo hiyo hiyo," Fundi akamjibu. "Leo imekudanganya kwenye mvua. Kesho itakudanganya kwenye habari."

Mwenye baa alikuja na masharti yake. Yeye alitaka besi, mambo ya nyuki hayamhusu. "Besi?" Fundi akasema. "Nunua ngoma." Wakatupiana maneno mpaka mimi nikasimamisha cherehani. Mwishowe mwenye baa akabeba sabufa lake akaenda kwa fundi mwingine, na baada ya wiki akarudi nalo amenywea, maana watu walikuwa hawaelewi hata mtangazaji wa mpira anasema nini. Fundi alilipokea. Halafu akamweka kwenye kigoda dakika arobaini kamili anasikiliza vyura.

Usidhani alikuwa na spika moja aliyoiabudu. Alikuwa nazo ukuta mzima, na akili yake yote ilikuwa kwenye tofauti zao. Mvua moja ileile ukiipitisha kwenye simu inakuwa chapati inakaangwa. Ukiipitisha kwenye redio ya zamani ya mbao unaona baridi, unatafuta khanga ujifunike. Honi ya gari la matangazo inawafanya nyuki wawe bodaboda. Alikuwa anahamisha waya kutoka hii kwenda ile, anatabasamu peke yake, ananigongea ubao. "Hii je? Umeona ilivyomla chura mdogo? Chura mdogo yuko wapi?" Mimi nina suruali ya mtu ya kupunguza, nifanyeje! Lakini baada ya miaka michache nikajikuta na mimi namtafuta chura mdogo. Ndivyo alivyokuwa anakuambukiza.

Na yeye mwenyewe, nyumbani kwake Chemchem, alikuwa anasikilizia nini? Simu iliyopasuka kioo. Mkewe alinionyesha siku moja huku anacheka mpaka anashika mbavu. Mganga hajigangi.

Siku niliyomheshimu kabisa ni siku ya mrina asali. Huyo alikuwa mzee wa huko njia ya Igalula, ameleta asali yake mjini kwenye ndoo, anapita zake barabarani. Fundi alikuwa anapima spika kwa yule ndege anayewaita watu kwenye mizinga ya porini. Warina wanamjua: akiita, unamjibu kwa mluzi, anatangulia, unamfuata. Basi mzee akasimama katikati ya barabara. Akatua ndoo. Akapiga mluzi. Ndege kwenye spika akaendelea kuita, mzee akaanza kumfuata, macho juu kwenye mabati na nguzo za umeme, anapiga mluzi, bodaboda zinamkwepa, mpaka akafika kibarazani kwetu akasimama anashangaa.

Watu walicheka, jamani! Mimi pia nilicheka. Fundi hakucheka. Alitoka nje akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwangaluka, baba," akamwamkia, halafu akanigeukia mimi. "Hii spika imepona. Andika jina la mwenyewe, aje aichukue."

Mimi ndiye niliyemshonea kofia ya maiki, ya kuzuia upepo usivume ndani, kutoka kwenye blanketi la manyoya. Aliirudisha mara tatu. Mara ya kwanza uzi unakwaruza, mara ya pili pindo linakwaruza, mara ya tatu akasema haikwaruzi ila inanuka sabuni. "Sabuni nayo inasikika?" nikamuuliza. "Mimi inanisumbua," akasema, akaiweka juani siku mbili.

Nilikwenda naye porini mara moja tu. Asubuhi tulidandia lori mpaka karibu na Igalula, tukatembea. Njiani hakufunga mdomo: siasa, bei ya betri, ndoa za watu. Tulipofika akaweka maiki, na kuanzia hapo hata mate nikawa nayameza kwa ruhusa. Ilikuwa jua la Oktoba, kabla ya mvua, na nyenje walikuwa wanalia kwenye kila mti, ile sauti yao nyembamba inayokuingia mpaka kwenye meno. Nilikuwa nimechoka, nikamuuliza kwa hasira kidogo anawarekodi ili iweje, wadudu waliojaa kila mahali.

Aliniambia, "Wageni wanakuja Tabora wanaonyeshwa nyumba za wakubwa wa misafara ya zamani. Wapagazi hawakulala kwenye nyumba hizo. Wapagazi walipita huku, mzigo kichwani, jua hili hili, na hiki ndicho walichokisikia mchana kutwa. Hawa hawa. Hakuna aliyewauliza mlisikia nini. Basi mimi nakiweka."

Tangu siku hiyo aliyesema Fundi anacheza na wadudu nilimjibu mimi, na sikumjibu kwa upole.

Sasa nifike kwenye lile ambalo sipendi kulisema.

Mvua za mwaka juzi zilipoanza, Fundi alianza kulalamika kwamba spika za siku hizi hazitoi nyenje. Mvua zinatoa, vyura zinatoa, nyenje hakuna. Akawa anafungua twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, anatupa, anaweka nyingine. Hola. Anaweka ya tatu. Na mimi niko hapa upande wa pili wa ubao, nyenje wanalia mpaka sindano inanipotea! Mwanzoni nilidhani ni ukaidi wake wa kawaida, anataka ubora zaidi. Halafu siku moja akarudi porini akasema nyenje wamekwisha, watu wamekata miti yote kukaushia tumbaku. Ni kweli miti inakatwa. Lakini alinichezea alichorekodi siku hiyo, na nyenje walikuwa wamejaa humo tele.

Spika zilikuwa nzima. Masikio ndiyo yaliyokuwa yanamwacha.

Nilijua, na nikanyamaza. Nilijiambia namstahi. Fundi wa sauti ukimwambia hasikii, umembakizia nini? Umemuua yeye na mikono yake yote miwili. Basi nikawa namwitikia, "Kweli Fundi, spika za siku hizi ovyo," naye anafurahi kwamba yuko mmoja anayemwelewa. Na kwa kuwa alizidi kuipandisha sauti nyembamba ili aisikie, wateja wakaanza kurudisha vitu. "Mzee, inanichoma masikio." Anawajibu kwamba masikio yao yamezoea uchafu. Wakawa wanapungua, na bado nikanyamaza.

Ikaja sikukuu ya mavuno. Kanisani kwetu walimpa avitengeneze vipaza sauti vya kwaya, akakesha navyo wiki nzima. Kwaya ilipofungua kinywa, haki ya Mungu, ilikuwa kama mtu anakwangua sufuria ndani ya fuvu lako. Watoto wakaziba masikio. Bibi mmoja wa benchi la mbele akainuka akatoka nje na kapu lake la mahindi ya sadaka. Mchungaji anaashiria kwa mkono, punguza, punguza. Na Fundi amesimama pembeni, mikono kifuani, uso umemng'aa kwa furaha. Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake.

Jumatatu wazee watatu wa kanisa walikuja kibarazani. Walisalimiana vizuri, mwenyekiti wao akampa shikamoo maana Fundi alimzidi umri, halafu akasema, "Fundi, watu wameumia."

"Wameumia kwa sababu miaka yote mnawalisha makapi. Jana ndiyo wamesikia maneno ya wimbo mpaka herufi ya mwisho."

"Bibi ametoka nje, Fundi."

"Atazoea."

Mzee mwingine akamnong'oneza mwenzake, "Sikio la kufa halisikii dawa." Alinong'ona, lakini mimi niliyekaa mbali zaidi nilisikia. Fundi alikuwa mbele yake na hakusikia. Aliendelea kusokota waya.

Mwenyekiti akanigeukia. "Mama, wewe ulikuwepo kanisani. Na wewe ndiye jirani. Hebu tusaidie, sema ukweli."

Fundi akaniangalia. Alikuwa na uhakika nami, hicho ndicho kilichonichoma.

"Mimi nashona nguo," nikasema. "Sipimi spika. Na nyie mmekuja kuzungumza kazi au kumsimanga mtu mzima mlangoni kwake? Kama ni kusimanga, njia mliyojia mnaijua."

Wakaondoka. Walimpa kazi kijana mmoja anayepanga kila kitu kwa simu. Fundi alicheka sana, akanimegea michembe, "Binti, umewakomesha!" Nilijiona mnafiki, tena mnafiki wa kutupwa. Wale wazee angalau walikuja kumwambia usoni.

Kesho yake asubuhi nilimkuta ameshawasha kinasa, ana spika imefunguliwa mapajani, anatafuta kosa ambalo halipo. Sikumsalimia hata. Nilisema, "Fundi, nyenje wanalia."

"Wapi?"

"Kwenye hiyo spika. Wanalia sasa hivi. Walilia jana. Hakuna siku ambayo hawakulia."

"Unasema spika hii nzima?"

"Nzima. Zote zilikuwa nzima."

Hakunikaripia. Aliifunga skrubu moja moja, akaibeba mpaka ukingo wa kibaraza, akaielekeza barabarani, akaanza kusimamisha watu. Mama muuza karanga alikuwa wa kwanza. "Unasikia nini, mama?" "Nyenje." Dereva wa bodaboda: "Nyenje hao, mzee, punguza basi!" Akapita binti wa shule, akampa shikamoo, akaulizwa, akajibu, "Nyenje, babu," huku anaangalia kama kuna mtego. Kila mmoja Fundi alimuuliza tena, "Una uhakika?" Mtihani wake mwenyewe, swali lake mwenyewe, na watu wote wanafaulu. Wa sita alipojibu hakumuuliza uhakika. Alizima.

"Toka lini?" akaniuliza mimi.

"Toka mvua za mwaka jana."

"Na wewe ulikuwa unasikia."

"Nilikuwa nasikia."

"Ningetoka nyumbani zipu wazi ungeniambia," akasema. "Wewe si ndiye fundi nguo? Ungeniambia palepale. Hili umeniacha nitembee nalo barabarani, kanisani, mbele ya watu, unaniitikia ndiyo Fundi, ndiyo Fundi."

Nilianza kulia, akaniambia nisimlilie, hajafa. Akafunga kibanda mchana ule ule.

Wiki haikwisha, kibandani akaingia muuza makava ya simu, na mji ukasema Fundi amekwisha. Nilikwenda Chemchem mara mbili. Mkewe alisimama mlangoni ameona aibu kuliko mimi. "Amesema nikwambie hayupo," akasema, na nyuma yake namwona miguu. Mara ya tatu sikwenda. Nilishona tu, na upande wa pili wa ubao wakawa wanapiga nyimbo kwenye vispika vidogo kama ndimu, kutwa nzima.

Oktoba iliyopita mkwe wangu alijifungua Igalula, nikaenda kumuuguza. Siku ya nne nilitoka kutafuta kuni, nikapita kijinjia cha nyuma ya stesheni, jua kali, nyenje wanapasua kichwa. Kwenye kichuguu, chini ya mti, namwona mzee amekaa na kinasa sauti mapajani na maiki mbele yake.

"Shikamoo, Fundi." Kimya. Nikazunguka nikasimama mbele yake. "Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Hakuinuka. "Ondoka mbele ya maiki."

Nikaondoka. "Unafanya nini huku?"

"Kazi. Na wewe?"

"Unawasikia?"

"Hapana."

"Sasa unarekodi nini na huwasikii?"

Hapo alinitazama vizuri, macho yaleyale ya kuteta na mwenye baa. "Kwani nilikuwa narekodi kwa ajili ya masikio yangu? Bwana mmoja wa ng'ambo ya reli ameshapima shamba la tumbaku mpaka hapa. Mwakani miti hii haipo. Nikae nyumbani ningoje nipone kwanza? Siponi. Daktari ameniambia wazi. Nikamwambia asante, nikaja zangu."

Akanionyesha vitaa kwenye kinasa, vya kijani mstari mmoja na chekundu kimoja mwishoni. Vikipanda kuna sauti, vikishuka hakuna. Hivyo ndivyo alivyokuwa anafanya kazi, kwa macho, tangu asubuhi, peke yake.

"Ila vina ujinga mmoja," akasema. "Havijui nyenje na havijui upepo, vinapanda tu. Nimejaza saa mbili nzima na sijui nimejaza nini." Akachomoa mfukoni spika za masikioni, akazichomeka kwenye kinasa, akanisogezea bila kuniangalia. "Vaa. Hicho ni nini?"

"Nyenje."

"Na sasa?"

"Upepo."

Akageuza mwili, akaukinga upepo kwa mgongo wake. "Sasa?"

"Nyenje watupu."

Akaitikia kwa kichwa kuridhika, akaweka maiki sawa, na tukakaa hivyo, mimi kwenye majani, yeye kwenye kichuguu amenipa mgongo, macho kwenye vitaa vyake. Nilitaka kumwomba msamaha. Nilisema, "Fundi, mimi..." akainua kidole. Basi badala ya maneno kikanitoka kilio, kidogo tu, nimekibana kwa khanga mdomoni. Vitaa vikaruka mpaka kwenye kile chekundu.

"Huyo si nyenje wala si upepo," akasema bila kugeuka. "Huyo ni wewe. Utalia tukimaliza. Sasa hivi tuko kazini."